Utepe wa Ajuda Thouvenot

Ukiwauliza watu wa Langres, mji mdogo wa Ufaransa, habari za Firmin Thouvenot, watakuambia kwanza kwamba alikuwa mtu mwema, kisha watacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomweka mbali na mji wa kwao kwa muda mrefu, na mimi simlaumu. Hakuiba, hakumpiga mtu, hakukimbia vita. Alinyamaza tu pale alipotakiwa kusema, na kunyamaza nako kuna bei yake.

Alizaliwa nyuma ya kambi, kwenye nyumba za familia za askari, mahali ambapo mtoto hujua vyeo kabla ya kujua kuhesabu. Utepe mmoja wa dhahabu kwenye mkono wa koti ni luteni usu, ambaye naye huitwa luteni akisemeshwa, mbili ni luteni, tatu ni kapteni. Wa baba yake, Anselme, ulikuwa mmoja tu, tena wa fedha, wenye uzi mwekundu uliopita katikati. Huo ndio utepe wa ajuda. Ajuda ni mkubwa wa masajenti. Yeye ndiye anayejua nani mgonjwa na nani anajifanya mgonjwa, na kombania nzima humwogopa kuliko inavyomwogopa kanali. Lakini si ofisa. Bwalo la maofisa lina mlango wake, na katika utumishi wake wote Anselme hakuupita mlango ule ila siku alipopeleka ujumbe, na hata siku hiyo aliishia kwenye kizulia cha kufutia viatu.

Mkewe, Léontine, alikuwa na donge lake moyoni. Alipowaamkia wake za maofisa sokoni walimjibu kwa kope tu, kana kwamba midomo ina kazi nyingine. Vijana waliotoka chuoni juzi walikuja na utepe wao mpya, Anselme akawafundisha kuongoza platuni, wakapanda, wakaondoka, na yeye akabaki pale pale akiwapigia saluti wengine. Jioni, Anselme akivua viatu, alimwambia mwanawe neno lile lile: "Wewe utapata dhahabu." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayesema kesho kutanyesha.

Firmin alipokua akaingia jeshini, lakini hakwenda kwenye kikosi cha baba yake. Alikwenda kwa askari wa miguu wa milimani, wale wa Alpi, wanaovaa kofia pana ya duara inayoangukia sikio moja. Alikuwa askari mzuri, mzito wa maneno, mwepesi wa miguu. Akawa koplo, akawa sajenti, akawa sajenti mkuu, na alipopita umri wa miaka thelathini akawa ajuda. Kombania yao ilikuwa na platuni nne na maofisa hawakutosha, basi ile ya nne akapewa yeye, kama desturi ilivyo. Akawa anaongoza masajenti watatu na watu wao kwenye theluji, kazi ile ile ya luteni, mizigo ile ile, lawama zile zile. Kilichotofautiana ni mlango wa kuingilia kwenda kula.

Sasa hapa pana jambo ambalo raia halijui na askari hawezi kulisahau. Katika askari wa miguu wa kawaida maofisa huvaa dhahabu, kwa hiyo ajuda hupewa fedha ili wasifanane. Kwa askari wa milimani mambo hugeuka: maofisa huvaa fedha, kwa hiyo ajuda hupewa dhahabu. Uzi mwekundu unabaki pale pale. Hivyo Firmin alikuwa na utepe mmoja wa dhahabu mkononi, halali yake kabisa, na kila askari mwenye macho angeuona ule uzi na kujua huyu ni nani.

Anselme alikuwa hana macho tena. Alishastaafu, na mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, aliona kitu kinachong'aa, basi. Habari ya kupelekwa kwa daktari mjini Dijon hakutaka hata kuisikia.

Firmin alipopata likizo yake ya kwanza baada ya kupandishwa cheo, hakuwa amemweleza mtu kitu. Alitaka kuwafurahisha wazazi wake kwa kuingia tu ndani na koti lake jipya. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa mlangoni mwa jikoni, na mzee alikuwa kwenye kiti chake akimenya viazi kwa kupapasa. Firmin akasimama kizingitini na kunyoosha mkono. Utepe ukammulika mzee machoni.

Anselme aliinuka kwa nguvu hata kiti kikaanguka. Kisu akakiweka mezani. Akabana visigino, akapandisha mkono kwenye paji la uso.

"Luteni wangu," akasema, na sauti ikamkatika.

Angetulia kidogo angekumbuka habari za askari wa milimani na dhahabu yao, kwani hakuna alichokuwa hakijui katika mambo ya tepe. Lakini mtu aliyengoja jambo maisha yake yote hatulii akalichunguza, hulipokea. Firmin alifungua kinywa. Nyuma ya jiko mama yake aliutazama ule mkono wa koti, akamtazama mwanawe usoni, kisha akageukia sufuria yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka mzee kwenye masharubu. Firmin akafunga kinywa, akainua mkono, akaijibu saluti ya baba yake.

Hapo ndipo alipokosa. Kunyamaza kungeweza kusameheka, mtu hushikwa na bumbuwazi. Lakini saluti aliijibu kwa mkono wake mwenyewe, tena sawasawa, kama ofisa.

Tangu siku ile hakubusiwa tena mashavuni na baba yake. Ajuda habusu luteni. Mzee aliyekuwa akimwita "kichwa maji" na "mpanda mbuzi" akaanza kumsemesha kwa adabu ile ya kambini, akijibu ndiyo na hapana, akimpisha mlangoni. Mchana ule ule, chakula kilipopakuliwa, Anselme alisimama nyuma ya kiti chake bila kukaa. Firmin hakuelewa kinachongojwa. Mama yake ndiye aliyemnong'oneza kwamba amwambie akae.

"Kaa, Baba," Firmin akasema.

Baadaye alimfuata mama yake uani alikokuwa akianika nguo, akamwambia kwamba kesho atamweleza mzee ukweli. Léontine alikuwa ameshika vibanio mdomoni. Akavitoa kimoja kimoja.

"Kesho ipi hiyo? Yumo chumbani anaimba. Umewahi kumsikia baba yako akiimba wewe?"

"Mama, nimemdanganya."

"Hujasema neno, umemdanganya vipi? Sikiliza mwanangu. Upo ule mtihani wa masajenti wanaotaka uofisa. Nenda ukaufanye, upasi, uje na dhahabu isiyo na uzi. Hapo hakuna aliyedanganywa. Utakuwa umetangulia tu kidogo."

Ndivyo binadamu anavyojipatia njia. Firmin alirudi milimani na faraja hiyo mkobani. Uongo ule, alijiambia, si uongo, ni deni la heshima, na atalilipa kwa kupasi. Akaufanya mtihani, akaanguka. Mlimani alikuwa simba, kwenye karatasi alikuwa kuku aliyenyeshewa. Kila likizo alirudi nyumbani, kila likizo akapigiwa saluti mlangoni, na kila mara aliijibu haraka zaidi ili iishe. Usiku wa kurudi kambini alikuwa akijiona mchafu, akajisugua mikono kwenye karai la maji baridi kama aliyechinja. Mwaka uliofuata akarudia mtihani. Akaanguka tena.

Vuli hiyo mzee alikuwa na jambo lake. Chama cha askari wastaafu kilikuwa na karamu yake ya kila mwaka ya kuadhimisha mwisho wa vita, katika ukumbi wa mkahawa wa Mougeot, na Anselme alitaka mwanawe akae meza ya heshima. Alikuwa amelizungumza tangu kiangazi. Firmin alikubali kwa sababu alikuwa ameshaamua: angemwambia baba yake njiani, kabla hawajafika, wakiwa wawili tu. Matokeo ya mtihani alikuwa ameyapata siku chache nyuma. Hakuna tena dhahabu ya kungoja.

Wakatoka nyumbani pamoja. Anselme alivaa suti yake nyeusi na medali zake, akatembea upande wa kushoto wa mwanawe, nusu hatua nyuma, pale anapostahili kutembea mdogo wa cheo. Kila alipojikwaa kwenye mawe Firmin alitaka kumshika mkono, naye mzee aliuondoa kwa upole, kwani haipendezi ofisa kumkokota mtu barabarani.

"Baba, kuna jambo," Firmin akaanza.

"Nakusikiliza, Luteni wangu."

Mzee alikuwa amemgeuzia uso wote, masharubu yamechanwa, macho meupe yamefunguka. Firmin akasema kwamba upepo ni mkali leo. Mzee akakubali kwamba ndiyo, upepo ni mkali.

Mlangoni mwa mkahawa mzee akachukuliwa na wenzake, na Firmin akabaki kwenye ujia akitundika kofia yake. Mougeot mwenye mkahawa akatokea jikoni, aproni imejaa mchuzi. Zamani alikuwa koplo chini ya Anselme, na mpaka leo akisikia jina lake hukaza mgongo.

"Sisi hapa tuna macho, kijana," akasema.

Firmin akahisi damu yote imempanda masikioni. Akauliza kama wanajua.

"Tangu likizo ya kwanza. Baba yako alikuja hapa akatununulia sote mvinyo, dhahabu, dhahabu, mwanangu kapata dhahabu. Kesho yake ukapita mtaani na uzi wako mwekundu. Unadhani sisi sote ni vipofu?" Akafuta mikono. "Nikawaambia, atakayemfumbua Anselme asikanyage kwangu tena. Wanacheka, hilo siwezi kuwazuia. Leo watakuita luteni wangu, nawe uitike. Ila usije ukadhani wanafanya hivyo kwa ajili yako."

Akarudi jikoni. Firmin alitamani kuitwaa kofia yake na kukimbia mpaka stesheni, na laiti angekimbia pengine ingekuwa heri. Lakini baba yake alikuwa akimwita ukumbini.

Wazee walisimama alipoingia. Mmoja mmoja walimpa mkono na kumwita luteni wangu, nyuso kavu, na macho yao yakishuka kwenye mkono wa koti lake yakapanda tena taratibu. Firmin alivikwa kilemba cha ukoka mbele ya ukumbi mzima, na aliyempangia mstari wa kumvika ni baba yake mwenyewe, akitangulia kutoka kiti hadi kiti, akilitaja jina la kila mmoja kwa furaha. Kuna aliyejifanya anakohoa kwenye leso. Firmin aliitika. Kila alipoitika alihisi kitu kikimomonyoka ndani yake, na bado akaitika.

Alikalishwa karibu na Kapteni Lardier, aliyetumwa na kambi kuwakilisha jeshi. Kapteni huyu alikuwa amehamia mjini majira yale, hakuwa na habari ya mpango wowote wa Mougeot. Alikuwa mtu muungwana mwenye sauti kubwa. Anselme aliwekwa meza ya pili na masajenti wenzake wa zamani, lakini kiti chake kilikuwa upande wa pili tu wa njia ya wapakuaji, na alikaa amegeuza sikio upande wa meza ya heshima asikose neno.

Kikaletwa kichwa cha ndama na mchuzi wake wa mayai na mimea. Watu wakala. Kapteni Lardier, kwa kutaka kumchangamsha jirani yake aliyekuwa kimya, akamgeukia, akautazama ule utepe, na akamsemesha kwa cheo chake, kama inavyopasa.

"Ajuda," akasema kwa ile sauti yake, "huko kwenu theluji imeshaanguka?"

Meza ya pili kiti kikavutwa. Anselme alikuwa amesimama wima, mikono imebana mapajani. Katika ukumbi ule alikuwapo ajuda mmoja, kwa alivyojua yeye, na kapteni alikuwa amemwita.

"Nipo, Kapteni wangu! Hapa kwetu bado. Ila magoti yananiambia wiki hii haitapita."

Vicheko vilitoka upande wa dirishani, vikakatwa. Mougeot alisimama na sahani mikononi. Kapteni akamtazama mzee, akamtazama Firmin, asielewe, na ukumbi wote ukamgeukia Firmin pia. Neno moja tu lilitakiwa. Firmin aliinamia sahani yake akausoma mchuzi.

"Ahsante, Ajuda," kapteni akamwambia mzee kwa heshima. "Lakini mimi nilikuwa namuuliza huyu..." Akaona uso wa Mougeot, akaishia hapo.

Anselme akajua kwamba amekosea, ila hakujua amekosea nini. Rangi ikampotea. Akavuka ile njia kwa kupapasa migongo ya viti, akasimama mbali kidogo na mwanawe, pale pa adabu, akainama.

"Nisamehe, Luteni wangu," akasema kwa sauti ya chini, na wote wakaisikia. "Nimekutia aibu mbele ya mkubwa wako."

Firmin hakuweza kuvumilia tena. Sijui ni ujasiri au ni woga uliofika mwisho wake. Aliukamata mkono wa baba yake. Mzee akauvuta, kwani ofisa hashikwi. Firmin akaung'ang'ania, akakiweka kidole gumba cha mzee juu ya utepe.

Kidole kile kilikuwa kimeshona na kusugua tepe tangu ujana wake. Kilianza pembeni kwenye ulaini wa dhahabu, kikatembea, kikakutana na hariri katikati. Kikasimama. Kikarudi mwanzo, kikapita tena polepole.

"Ajuda," Anselme akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Wa milimani. Ndiyo maana ni wa dhahabu. Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya jikoni. Sijawahi kuwa luteni. Mtihani nimeshindwa mara mbili."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na hawa?"

Kapteni Lardier aliweka uma wake chini bila kuugonga. Anselme akageuza uso wake taratibu, kutoka meza hii hadi ile, kana kwamba anaweza kumwona kila mmoja aliyenyanyuka na kumwita mwanawe luteni, na shingo yake ikawa nyekundu mpaka kwenye ukosi wa shati. Aibu ya Firmin ilikuwa ya kwake, aliitafuta mwenyewe. Hii ya mzee alikuwa ameletewa, na ameletewa na watu wote aliowapenda.

Mzee akarudi kwenye kiti chake akishika migongo ya viti, akakaa, akatafuta kisu chake.

Firmin alikwenda kwenye ujia, akavaa kofia yake pana, akarudi. Alisimama mbele ya meza ya pili, akabana visigino, akampigia baba yake saluti. Vyeo vikilingana, aliyetangulia kukipata ndiye mkubwa, na mdogo ndiye anayeanza. Mdogo pia hashushi mkono mpaka mkubwa amjibu, hata kwa kutikisa kichwa tu. Kila mtu ukumbini alijua hilo. Kapteni alikuwa na uwezo wa kuyamaliza kwa neno moja, lakini aliangalia glasi yake, kwa kuwa si yeye aliyepigiwa saluti.

Vijiko viliacha kugonga. Firmin hakuushusha mkono. Mwishowe Mougeot alimwinamia mzee sikioni, akidhani pengine hakuona.

"Anselme, mwanao yuko mbele yako. Anakupigia saluti."

"Najua," mzee akasema. "Nipe mkate."

Mougeot akampa. Anselme akaumega, akauchovya kwenye mchuzi, akala.